Asekon Haingii kwa Watu na Haja

Msiniambie kwamba madereva wote ni wamoja. Nimewapikia hapa Lodwar tangu Morgan wangu akitambaa, na leo Morgan ananyoa ndevu. Nawajua kwa njaa zao, kwa uongo wao, na kwa namna kila mmoja anavyoshuka kwenye gari. Asekon nilimtambua hata nikiwa nimeipa barabara mgongo, kichwa kimezama kwenye sufuria ya maharagwe. Breki za boza lake, lile lori la tangi la maji, zilitoa pumzi, mlango ukalia, kisha kimya. Mwingine angekuwa tayari ameagiza chai. Asekon alikuwa ameenda kwanza nyuma ya ua wangu, kwenye vichaka vya mathenge, kujisaidia.

Hiyo ilikuwa adabu yake. Babake, mfugaji wa upande wa Kakuma, alimlea akijua kwamba mwanamume haingii kwenye boma la watu na haja, halafu akae anajipindapinda mbele ya mwenyeji kama aliyekalia siafu. Unamaliza mambo yako huko nje, unajipangusa vumbi, ndipo unabisha. Asekon alifanya hivyo kwangu, kwa chifu, kanisani, hata benki. Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi nina choo, nimekijenga kwa mawe na kina mlango wa bati. Alinijibu, "Shemeji Wahu, choo yako ni ya watu wa nyumba. Mimi ni mgeni."

Aliniita shemeji kwa sababu ya Abei. Abei alikuja kwangu kutoka Katilu akiwa msichana, amezoea mashamba ya kunyunyizia maji kando ya mto Turkwel, na alipoona mchanga wa Lodwar alicheka akasema hapa hata kunguru anabeba chakula chake kutoka kwao. Nilimpa kazi jikoni siku hiyo hiyo kwa ajili ya huo mdomo. Asekon naye akaanza kuagiza chai asizomaliza. Walipooana, mimi ndiye niliyesimama upande wa bibi harusi, mwanamke wa Nyeri katikati ya akina mama wa Katilu, sijui wimbo hata mmoja, napiga makofi tu. Tangu hapo Abei ni mdogo wangu, na atakayemliza atanijua.

Asekon mwenyewe alikuwa mtu wa kupendeza kwa namna ya kuchosha. Hakuweza kumpita mwanamke mwenye mtungi barabarani. Alisimamisha boza, akafungua bomba, akajaza, kisha akafika kituo chake amechelewa na kugombezwa. Kulikuwa na mbwa mmoja karibu na lagga, ule mto mkavu, hana mwenyewe, aliyejua mlio wa injini ile na kutoka mbio na ulimi nje. Asekon alimtilia maji kwenye kifuniko cha tangi na kungoja hadi amalize. "Yeye pia ni kastoma," alisema.

Basi, madereva wenzake walikuwa wameona kitu. Asekon akitoka vichakani, akifunga mshipi, akipiga hatua chache kuja mezani, alikuwa anasimama, anafikiri kidogo, halafu anarudi kule kule. Walimpa jina la Mara Mbili. Lokwang, dereva wa lori la mizigo na mtu ambaye mdomo wake haujawahi kuona likizo, alikuwa akimwita hivyo kwa sauti barabara nzima isikie. Asekon alicheka nao. Mimi pia nilicheka, kwa nini niseme uongo.

Ulikuwa mwaka wa mafuta kugunduliwa, mwaka ambao kila mtu Turkana aliamka akiwa mtaalamu wa visima. Magari yalizidi, vumbi likazidi, na boza la Asekon halikulala. Asubuhi Lodwar, jioni Kakuma, kesho yake kurudi. Ndipo akaacha kulala nyumbani.

Sisemi kwamba alilala Kakuma tu. Hata akiwa Lodwar, boza limeegeshwa ng'ambo ya barabara, hatua chache kutoka mlango wake, alilala ndani ya boza. Alisema eti analinda betri. Abei alivumilia betri kwa muda. Kisha akaona jambo jingine, na hilo ndilo lililomuuma. Alikuja kwangu asubuhi moja, akachukua kisu, akaanza kukata vitunguu ambavyo sikuwa nimemwomba akate.

"Mama Morgan," akasema, "Asekon sasa anakojoa nje ya ua yangu."

"Si ndiyo tabia yake?"

"Kwa watu! Kwa nyumba yake hapana. Miaka yote anafika anaingia tu, anaita jina yangu. Sasa anasimama kwa mathenge kama mgeni, anamaliza, ndiyo anabisha. Anakunywa chai, anatoka. Amekuwa mgeni kwangu."

Nilimnyang'anya kisu. Kabla vitunguu havijaiva, Lokwang akaleta lake. Alishuka kwenye lori, akaagiza chapati, na akiwa na chapati mdomoni akatangaza kwamba kule Kakuma, kwa mama mmoja Mkongomani anayeuza chai karibu na kambi ya wakimbizi, ameona suruali za Asekon zimeanikwa kwenye kamba. Siyo moja. Alizijua kwa kiraka cha goti. Abei alikuwa amesimama nyuma yake na sinia.

Aliweka sinia chini, akaenda nyumbani, na nilipomfuata jioni nikakuta amefunga mzigo: nguo zake kwenye kanga, sufuria moja juu, kamba imezungushwa. Watoto wako shule ya bweni, akasema, wakifunga watamkuta Katilu. Angengoja uchaguzi wa Machi upite, barabara zitulie, kisha aende kwao. Kama Asekon ana kwingine pa kufuliwa suruali, basi afuliwe huko huko.

Mimi huwa sina subira. Kesho yake nilimwachia Abei jiko na kupanda lori la kabichi kwenda Kakuma. Njia nzima nilikuwa napanga matusi, ya Kiswahili kwanza, na yakiisha, ya Kikuyu. Nilimkuta mwanamke huyo kwenye kibanda chake, mtu mzima, mnene kidogo, kitambaa kichwani, jina lake Immaculée. Na kamba ilikuwepo, na suruali yenye kiraka cha goti ilikuwepo. Nikaanza.

Alinisikiliza hadi pumzi ikanikata. Kisha akanisukumia kigoda.

"Mama, unakuya na kasirani. Ikala kwanza," akasema. "Ule mutu hana mambo na mie. Anafikaka hapa na suruali imelowana. Mukojo, mama. Inamutoka pole pole njiani, hawezi kuizuia. Mara ya kwanza alisema ni maji ya boza. Mie nililelea baba yangu muzee mupaka akakufa, najua ile arufu. Nikamuambia, vula, nifule. Alilia hapo, pale unaikala."

Niliinuka kwenye kile kigoda kama kimenichoma. Nikauliza kwa nini hakwenda hospitali.

"Anasema alishaenda. Banamuangalia, banasema hakuna kitu."

Nilinunua chai yake, nikanywa vikombe viwili, nikamwomba msamaha. Akaniambia nimpelekee suruali zake, zimekauka. Nilirudi Lodwar nimezikumbatia kwenye mfuko, na kila nilipokumbuka jinsi tulivyokuwa tukicheka lile jina la Mara Mbili nilitamani kumpiga mtu, ikiwezekana Lokwang.

Asekon alipofika nilimngoja palepale kwenye mathenge. Nikampa mfuko. Alichungulia ndani, akaketi chini mchangani na umri wake wote.

Alinieleza akiwa ameangalia matairi. Upande wa kulia, kwenye kinena, anapata uvimbe. Asubuhi ni kama yai, akiendesha sana unakuwa ngumi. Akikojoa unanywea, lakini haumaliziki. Anarudi, anaubonyeza kwa mkono, na mkojo unaanza upya. Siku hizi hata akiubonyeza, mwingine unabaki na kuvuja wenyewe. Usiku analowa. Ndiyo maana ya boza. Ndiyo maana ya kumaliza kila kitu nje ya ua wake mwenyewe, asije akaketi kwenye kiti cha Abei akainuka akaacha alama.

"Na Abei umemwambia?"

"Hapana."

"Asekon, Abei anadhani una mwanamke! Amefunga mzigo!"

"Wacha afikirie," akasema. "Kuwa na bibi ingine ni kosa ya mwanaume. Kukojoa kwa suruali ni ya mtoto. Afadhali aende Katilu akiwa na hasira, kuliko abaki hapa akinionea huruma."

Nilikasirika hadi nikashindwa na lugha. Mtu anaweza kupoteza mke mwema kwa ujinga wa namna hiyo, na anakaa mchangani anaona amefanya la maana! Nilimwambia kesho yake tunaenda hospitali, mimi na yeye, na kama hataki nitamwambia Abei mimi mwenyewe, mbele ya Lokwang. Hilo la Lokwang ndilo lililomnyanyua.

Hospitalini kulikuwa na daktari mpasuaji, Benard, mtu mrefu mwenye sauti ya kuchunga ng'ombe. Tulikaa kwenye benchi nje. Nikageuka kumsalimia mama mmoja niliyemjua, na nilipogeuka tena Asekon hayupo. Kumbe kapotelea nyuma ya ukuta. Alirudi anafunga mshipi, amejipangusa vumbi, yuko tayari kubisha. Na Daktari Benard alikuwa anatoka wodini, akamwona, akamsalimia kwa Kiturkana.

"Mzee, ejok. Umetoka wapi?"

"Ejok. Nimemaliza haja kwanza, daktari. Siwezi kuingia kwako na haja."

"Na kama umeshachunguzwa kwingine, ulifanya hivyo hivyo?"

"Kila mahali," Asekon akasema kwa fahari. "Mimi nilifunzwa."

Daktari akamwangalia, akaniangalia mimi, na nikaona kwamba kuna kitu amekishika. Akamuuliza, mbele yangu, bila kupunguza ile sauti: "Ukimaliza kukojoa, ukibonyeza hapa kwenye kinena, mkojo unarudi tena?"

Asekon akanigeukia kama nimemuuza. Nikaapa sijasema neno, na kweli sikuwa nimesema.

"Basi leo utakosa adabu," daktari akasema. "Kunywa maji. Kaa hapa. Usiende popote hadi uone unakaribia kufa, kisha uingie kwangu hivyo hivyo."

Ilikuwa kazi kumlinda. Alikunywa maji, akakaa, akabadilisha kiti, akasimama, akakunja miguu. Mtu aliyewapa maji wanawake wote wa barabara ya Kakuma alikuwa anatoka jasho kwa sababu ya jagi moja. Alinisihi kwa jina la mama yake. Nikamshika mshipi. Hatimaye daktari alimwita, akaniambia ningoje mlangoni, na pazia halikuwa nene, nikasikia yote.

Uvimbe ulikuwepo, mkubwa, umejaa. Daktari aliugusa polepole na Asekon akalia kwamba mkojo unataka kutoka. Akapelekwa kupigwa picha ya tumbo akiwa hivyo hivyo, halafu akaruhusiwa kwenda chooni, choo chenyewe cha hospitali, na kupigwa picha tena. Baadaye daktari alitueleza kwa kuchora kwenye kipande cha katoni. Kibofu kinatakiwa kukaa hapa chini ya tumbo. Cha Asekon kilikuwa kimetuma kipande chake nje, kimepita penye ukuta wa tumbo uliolegea, kikashuka hadi kwenye kinena. Kwenye picha kilionekana kama kibuyu chenye shingo iliyopinda, maji juu na maji chini. Ukikojoa, ya juu yanatoka. Ya chini yanangoja kubonyezwa. Tena tezi dume yake ilikuwa imevimba na kubana njia, ndiyo maana kwa miaka alikuwa anakojoa kwa kujikamua, na kule kujikamua, pamoja na kunyanyua mabomba mazito, ndiko kulikoulegeza ukuta.

"Wale waliokuchunguza walikuwa wanaangalia nyumba ambayo umeshahamisha vitu," daktari akasema. "Kila ukija umekifuta kile walichotakiwa kukiona."

Asekon aliuliza kama ni wa kukata.

"Tutapasua, ndiyo, lakini kibofu hatukikati. Hapo ndipo hatari ilipo. Mpasuaji asiyejua anaona kitu laini ndani ya henia, huu uvimbe wa kinena, anadhani ni mafuta, anakikata, kumbe ni kibofu. Sasa mimi najua. Nitakirudisha mahali pake na kuziba ukuta. Lakini utatoka na mpira wa mkojo, na utakaa nao siku kadhaa nyumbani. Lazima nimweleze mtu wako namna ya kuuangalia."

"Huyu shemeji anatosha," Asekon akasema haraka.

"Huna mke?"

Nilitaka aseme mwenyewe. Asekon aliushika ule mchoro wa katoni, akaugeuza, akaugeuza tena. Nje mtu alikuwa anaburuta kitanda cha magurudumu mabovu.

"Niko naye," akasema mwishowe. "Muite."

Abei alikuja na unga mikononi. Alisimama mlangoni akiangalia daktari, siyo mume wake. Daktari akataka kuanza kueleza lakini Asekon akainua mkono. Aliongea uso ukiwa ukutani.

"Ile suruali ya Kakuma, ilikuwa ni mkojo," akasema. "Yule mama alikuwa anafua tu. Kulala kwa gari ni mkojo. Kusimama kwa mathenge ni mkojo. Hakuna kitu ingine, Abei. Mimi ni mgonjwa, na nilikuwa naona haya kwako."

Nilitegemea alie, au amkumbatie. Abei alijifuta unga kwenye kanga yake, kidole kwa kidole.

"Upone kwanza," akasema. "Halafu mimi na wewe tuko na maneno." Kisha akamwomba daktari amwonyeshe huo mpira unaangaliwaje, na akauliza maswali mengi kuliko ambayo mimi ningeuliza.

Lakini mzigo wake hakuufungua. Nilipita pale kila siku kuangalia. Kanga, sufuria juu, kamba. Nikimuuliza ananiambia nichunge maharagwe yangu. Alikuwa amedharauliwa, ndivyo alivyoona. Kwamba mume wake alimwamini mgeni wa Kakuma na mkojo wake lakini yeye hakumwamini, hilo lilimuuma kuliko vile angekuwa na mwanamke. Nami sikuweza kumlaumu.

Upasuaji ulifanywa uchaguzi ulipopita. Daktari alitoka chumba cha upasuaji na kofia yake ya kijani, akatuonyesha kwa mikono. Kwanza aliweka mpira, akakijaza kibofu maji polepole kupitia humo, na kile kipande kilichojificha kikavimba mbele ya macho yake, kikajitambulisha. Akakirudisha ndani kizima. Akashonea wavu mdogo penye ukuta dhaifu, usilegee tena. Kwa tezi dume atakuwa anameza vidonge. Hakuna kuendesha kwa wiki kadhaa, hakuna kunyanyua kitu. Nilimshika daktari mkono nikautikisa hadi akacheka. Abei alisema asante mara moja na kwenda kukaa karibu na kitanda, anaangalia mfuko wa mkojo ukijaa, mkojo safi, kama anachunga maziwa jikoni.

Siku alipotolewa hospitali, boza lilikuwa limeegeshwa ng'ambo ya barabara, Lokwang ndiye aliyepewa aliendeshe kwa muda. Madereva walikuwa wamejaa kwangu, wakageuka Asekon alipotokea, anatembea polepole, mkono kwenye kidonda. Abei alimwacha amesimama mbele ya meza zangu. Alivuka barabara, akapanda kwenye boza kama aliyezaliwa humo, akafungua mlango, akaanza kutupa vitu chini. Godoro jembamba la sponji. Kijerikeni. Kisha akashuka na blanketi.

Lile blanketi lilinuka. Tulilisikia kutoka tulipokaa. Lokwang akafungua mdomo wake, nami nikamwangalia na mwiko mkononi, akaufunga. Abei alilikunjua blanketi, akalitupia mabegani mwake, akajifunga nalo kifuani kama wanawake wanavyojifunga wakienda harusi, akavuka barabara nalo mbele ya watu wote. Alipompita mume wake hakusimama. "Twende," akasema.

Niliwafuata, kwa kuwa mimi ndiye niliyebeba mfuko wa dawa na kwa kuwa hakuna mtu angenizuia. Daktari alikuwa amebadili mawazo, akamweka wodini hadi mpira ulipotolewa siku hiyo, na Asekon alikuwa anajiendea mwenyewe. Walipofika kwenye ua, Abei akaingia. Asekon akasimama nje. Nikamwona anavyoangalia huku na huku, kisha anajiburuta kuelekea kwenye mathenge, mkono unatafuta mshipi.

"Asekon!"

Abei alikuwa amerudi mlangoni, blanketi bado mabegani. Nyuma yake niliona kanga imefunguliwa kitandani, nguo zake zimetandazwa, na sufuria imerudi jikoni. Sijui aliufungua mzigo saa ngapi. Mimi nilikuwa nimepita pale asubuhi, ukiwa bado umefungwa.

"Unaenda wapi?"

"Namaliza kwanza," akasema Asekon. "Ndiyo niingie."

"Hiyo ni kwa watu," Abei akasema. "Hapa ni kwako. Ingia na haja yako."

Aliingia.